Mtoto wa Doris Ana Njaa

Tope lilishuka kutoka mlimani alfajiri. Kufika saa nne asubuhi sisi wa mtaa wa Jorodom tuliobaki bila nyumba tulikuwa tumejazana kwenye darasa moja, tumekaa sakafuni na watoto wetu. Jirani yangu Doris alikuwa bado hajaonekana. Mwanawe Pascal, wa miezi miwili, alitolewa topeni mzima. Alikuwa mikononi mwa bibi yake, Mama Fausta, akilia kwa njaa.

Kilio kile kilinitia hofu. Nasema kweli, nilisikia sauti ya Doris ndani yake, na kila mara niligeuka nikidhani kasimama mlangoni.

"Mama Monica, mwanangu, mnyonyeshe huyu," Mama Fausta akaniambia. "Humu ni wewe tu unayenyonyesha."

"Mama, maziwa yamekatika. Ni hofu hii."

Mwili ukaniumbua. Pascal akalia tena, maziwa yakanitoka yenyewe, gauni likalowa mpaka tumboni. Wanawake wote wakaona.

"Roho mbaya hiyo!" mmoja akafoka. "Doris si ndiye alikuwa anakupikia uji ulipojifungua?"

Nilitamani kuwatukana. Walijua nini hao? Doris nilimpenda, na katika mtaa mzima yeye tu ndiye aliyejua siri yangu. Ningenyamaza, wangemtia Pascal kifuani kwangu kwa nguvu.

"Nina virusi vya UKIMWI," nikasema, kwa sauti, wasikie wote.

Aliyekaa karibu nami akavuta kanga yake isiniguse. Pascal aliendelea kulia.

Mama Fausta akamtazama Monica wangu, aliyelala ameshiba. "Mbona wako unamnyonyesha?"

"Nakunywa dawa kila siku, Mama, na yeye kapewa zake tangu azaliwe. Kliniki wakaniambia nimnyonyeshe, maziwa yangu matupu, hata maji nisimpe. Pascal hana dawa yoyote. Na zangu zimefukiwa na nyumba. Nikimnyonyesha, Doris nitamwambia nini?"

Mama Fausta akamfunga Pascal vizuri, akatoka kumtafuta nesi kwenye hema la huduma uwanjani. Nilimkumbatia Monica nikaogopa kila kitu, hata titi langu mwenyewe.

Aliporudi, Pascal alikuwa amenyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe, amelala.

"Nesi anakuletea dawa zako," akasema. "Doris alijua?"

"Alijua, Mama."

"Na alikuwa anakuachia mtoto?"

"Kila akienda gulioni."

Akanilazia Pascal mapajani, kando ya Monica, mbele ya wale wanawake wote. Kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Basi kaa naye," akasema. "Mimi nakwenda kumchimbua mama yake."