Baraza la Mama Mkwe

Kwetu mwanamume haingii nyumbani mwa mama mkwe wake, wala hamgusi. Humsalimia kwa mbali, akiangalia pembeni.

Miaka ile ya sabini, miwa ilipoanza kutulipa, niliamua kumjengea mama mkwe wangu baraza la mbao mbele ya mlango. Malava mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kiwanja chake kilikuwa tope tupu. Nilitaka tuongee tukiwa tumeketi.

Mimi ni seremala. Sina kisingizio.

Nilimwendea mzee Shikanga, mpasua mbao, nikamwomba mvule. Akacheka.

"Mvule? Si wewe ulichoma mivule ya baba yako ili upande miwa?"

Ilikuwa kweli. Miwili, mikubwa.

"Basi uko na nini, mzee?"

"Blugamu. Lakini ni mbichi. Ipange kivulini miezi sita, uweke vijiti katikati, upepo upite."

"Krismasi ni wiki tatu. Shemeji zangu wote wanakuja."

"Kwani watakalia mbao au watakalia haraka yako?"

Nilizichukua hizo mbao za mkaratusi zikiwa bado zinatoa maji. Nikazipaka oili chafu ya trekta, tabaka mbili nzito, zikang'aa. Oili ilizuia mvua isiingie, ikazuia pia maji ya ndani yasitoke. Miguu niliichimbia udongoni. Mbao nilizibana zisiache hata ufa, ionekane sakafu ya mjini.

Krismasi nilisifiwa mpaka nikaona haya.

Miaka miwili tuliketi pale, yeye karibu na mlango, mimi mwisho kabisa, sote tukitazama miwa.

"Mkwe," alisema siku moja, "hii miwa yenu imefika mpaka kwa choo. Mwaka ujao nitakuwa nikienda wapi?"

"Tutakuachia njia, mama."

"Iwe pana. Mimi si sungura."

Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Mama yangu nilimzika nikiwa mdogo. Sikuwa na mwingine wa kunitania hivyo.

Mwaka wa tatu, masika, nilichoma ubao mmoja kwa msumari. Msumari uliingia kama kidole ndani ya obusuma, ugali wetu. Nikasema nitautengeneza tukimaliza kupalilia.

Wiki hiyohiyo nilifika, naye akainuka kunisalimia. Ubao ukavunjika. Mguu wake ukazama hadi pajani.

"Mkwe!" aliita. "Mkwe!"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Mikono yangu ilibaki ikining'inia. Kisha nikakimbilia kwenye miwa kuita wanawake, nao walikuwa mbali.

Walipomtoa, mke wangu Pascalia alinigeukia.

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa."



Hospitalini Mukumu walimfunga mfupa uliovunjika, lakini hakutembea tena. Kitanda chake kiliwekwa chumba cha ndani, nisikoweza kufika.

Nilibomoa baraza lote. Nikatafuta mvule, nikaukausha mwaka mzima. Safari hii miguu niliisimamisha juu ya mawe, na kati ya ubao na ubao nikaacha nafasi ya kidole. Oili nilipaka mwisho, mbao zikiwa kavu. Nilipomaliza, Pascalia aliingia kumwambia mama yake, akatoka.

"Anasema uketi."

Niliketi upande wangu. Mvua ikaanza, maji yakapita kati ya mbao vizuri. Mlango ulikuwa wazi. Nikaangalia pembeni.