Chuma Mabegani mwa Denge

Mwaka wa themanini na tano, siku ya sherehe za Madaraka, askari wa kambi ya Isiolo walileta vyuma vyao uwanjani wakawaonyesha watu jinsi vinavyonyanyuliwa. Walipomaliza, msemaji akauliza kwenye kipaza sauti kama kuna raia anayetaka kujaribu. Denge akatoka katikati ya watu akiuvuta mguu wake wa kushoto, akalala kwenye benchi lao, akakisukuma juu chuma ambacho askari wawili walikuwa wameshindwa nacho. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Msemaji akasema, "Haya, mpigieni makofi kilema wetu," na mama mmoja wa kamati akamletea kipande cha sabuni ya kufulia kuwa zawadi yake.

Denge alikiweka kile kipande cha sabuni juu ya meza ya wageni, akaenda zake.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Polio ilimshika utotoni, wakati wa vita vya shifta, watu wa kwao walipokusanywa kambini na ng'ombe wao wakaisha. Kaka yake, Kanchoro, ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali. Aliporudi, mguu wa kushoto ulikuwa umekauka, na haukunenepa tena. Alipokua alipata kazi kwenye gereji ya Warsame mtaani Wabera, kufungua na kuziba matairi ya malori. Tairi la lori hufunguliwa kwa mataimbo na kujazwa upepo kwa pampu ya mkono, na kazi hiyo ilimpa mabega na kifua ambavyo, ukimtazama ameketi, ungedhani ni vya mtu mwingine mkubwa zaidi.

Siku iliyofuata Lotukoi alifika pale gereji. Alikuwa Mturkana mrefu, mwenye mvi, aliyewahi kuwafundisha askari mazoezi ya viungo kabla ya kustaafu, na sasa akilinda ghala la ngozi.

"Sabuni ya watu ulikataa kwa nini?" akauliza.

"Mimi sikwenda pale kufua, Afande."

Lotukoi akacheka kidogo, akavuta tairi kuukuu akaketi juu yake. Denge akaendelea na kazi, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mashindano ya kweli iko wapi? Ile ya kuandikwa jina na kupangwa na wengine."

"Iko Meru, kila mwaka mwezi wa nane. Lakini si kulala kwa benchi peke yake. Ni vitu vitatu. Unachuchumaa na chuma mabegani, unasimama nacho. Halafu benchi. Halafu unakitoa chuma sakafuni mpaka unyooke. Kila kimoja unapewa nafasi tatu, na lazima ufaulu hata mara moja. Ukikosa kimoja, hata kama benchi umewashinda wote, wewe huna kitu. Jina linafutwa."

"Na kuchuchumaa ndiyo shida yangu."

"Ndiyo shida yako."

"Basi tuanzie hapo," akasema Denge.

Mwezi wa nane wa mwaka ule ulikuwa karibu mno, kwa hiyo walijiwekea mwaka uliofuata. Warsame aliwapa uwanja wa nyuma ya gereji, jioni kazi ikiisha. Ekseli ya lori bovu ikawa chuma chao, na deramu za breki zikafungwa kwa waya huku na huku. Benchi lilitengenezwa kwa mbao za bodi la lori. Hayo yalikuwa rahisi. Kwa kuchuchumaa, Lotukoi alimpa kwanza ufito wa ufagio peke yake. Akachukua mkebe wa rangi, akaupindua nyuma yake.

"Matako iguse huo mkebe, halafu simama. Isipogusa, hujafanya kitu."

Denge alishuka, na goti la kushoto likamtoka kama kamba iliyokatwa. Akaanguka kifudifudi. Akaamka, akashuka tena, akaangukia mkebe ukabonyea. Lotukoi hakumshika mkono. Alizunguka akimtazama kama fundi anavyolitazama gari, kisha akamwambia autangulize mbele kidogo ule mguu mwembamba, usibebe chochote, uwe wa kumzuia tu asiyumbe, na kazi yote aibebe kwa mguu wa kulia na mgongo.

Waliotoka msikitini jioni walipita pale, na baadhi yao walisimama kutazama. "Maskini," walisema. "Mtoto wa watu atavunjika."

"Ukisikia hilo neno," Lotukoi akamwambia, "ongeza chuma."

Denge akaongeza. Alianguka miezi mingi. Nyumbani, Umulkheir, mkewe na mama wa mwanawe Halake, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, alimsugua paja kwa samli kila jioni. Ule mguu mwembamba ulikuwa ukitetemeka wenyewe hata amelala.

"Baba Halake, unauma?"

"Unauma."

"Vizuri. Zamani ulikuwa hata hauumi."

Umulkheir ndiye aliyemshonea mkanda mpana wa kiunoni kutokana na turubai la lori, akaupiga nyuzi mara mbilimbili mpaka sindano zikamvunjikia. Hakumwomba aache, wala hakumwambia atashinda. Aliuliza tu, kila alipomwona akirudi na vumbi usoni, kama leo alifika kwenye mkebe.

Baada ya mvua za masika, Kanchoro akaja kutoka upande wa Kipsing, ambako alikuwa ameanza tena kufuga. Aliambiwa mdogo wake yuko nyuma ya gereji. Alipofika, alimkuta Denge chini, ekseli imemlalia shingoni na Lotukoi akiiondoa.

"Nagaa, Denge," akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Nagaa."

Kanchoro alisimama akiegemea fimbo yake. "Hii ni kazi gani?"

"Ni ya mashindano. Naenda Meru mwezi wa nane."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na huko utaanguka hivi?"

"Pengine nitaanguka."

Sauti ya Kanchoro ikatoka nzito. "Mimi nilikubeba. Jua lilikuwa kali na wewe ulikuwa unalia mgongoni kwangu, na kila lori lilitupita. Sikukubeba ili Wameru wakae kwa viti wakikucheka."

"Najua ulinibeba," Denge akasema. Alikuwa bado ameketi mchangani. "Lakini sasa nishushe, ndugu yangu. Kama unaona haya, usije. Mimi nitaenda."

Kanchoro aligeuka akaondoka. Jioni ile hakufika nyumbani kwao hata kunywa chai, na Umulkheir aliyekuwa ameiweka jikoni akaimwaga.

"Umemkosea kaka yako," akasema.

"Nimemkosea," Denge akakubali. "Lakini siendi kusema kwamba nimeacha."

Siku ya safari walipanda lori la Warsame lililokuwa likipeleka ngozi Meru: Denge, Umulkheir na Lotukoi. Asubuhi ilikuwa haijapambazuka vizuri. Kwenye kizuizi cha polisi, dereva aliposimama kukaguliwa, Kanchoro akatokea kando ya barabara amejifunika shuka, akapanda nyuma bila salamu.

"Unaenda wapi, shemeji?" Umulkheir akamuuliza.

"Nauza mbuzi wawili huko Meru."

Hakuwa na mbuzi hata mmoja. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Ukumbi ulikuwa na baridi iliyopenya kwenye mifupa. Wanyanyuaji walipimwa uzito mmoja mmoja, na Denge akaangukia kundi la watu wepesi, watu saba. Lotukoi alitabasamu akimvalisha shati. "Huo mguu umekupunguzia kilo. Una kifua cha watu wa kundi la juu."

Msimamizi mkuu alikuwa mwalimu aliyeitwa Mutuma, mtu mpole wa sauti ya chini. Alipomwona Denge akitembea kwenda mezani alishusha kalamu.

"Ndugu, hapa tuna shida. Hatujawahi kumpokea mtu wa hali yako. Unaweza kuumia, na sheria—"

"Nionyeshe mahali sheria inasema mguu lazima uwe mnene."

Mutuma akafunua kitabu, akakifunga. Akamwandika.

Kuchuchumaa kulikuja kwanza. Wenzake waliomba kuanza na uzito mkubwa mara mbili ya wake. Denge aliomba kilo hamsini. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata, maana hakuna mwingine aliyeomba chini ya kilo mia. Denge alikaza mkanda wa turubai, akaingiza mabega chini ya chuma, akarudi nyuma hatua fupi fupi. Alishuka. Katikati, mguu wa kushoto ukateleza kwenye mbao, tofauti na mchanga wa gereji, na akaenda chini mzima mzima. Wasaidizi wakadaka chuma.

Kanchoro alikuwa amekwisha simama, fimbo mkononi. Umulkheir akamshika shuka kwa nguvu.

"Kaa, shemeji."

"Ameanguka."

"Nimeona. Hata nyumbani huanguka. Kaa."

Mara ya pili alisimama nacho, lakini hakuwa ameshuka vya kutosha, kwa kuogopa kuteleza. Waamuzi watatu wakainua bendera nyekundu. Sasa ilibaki nafasi moja. Mutuma akamfuata kwenye kona alikoketi akihema.

"Sikiliza," akasema kwa upole. "Wacha hii. Wakati wa mapumziko tutakuita usukume benchi peke yako, watu waone nguvu zako. Watafurahi sana, na hakuna atakayecheka."

"Na jina langu litapangwa wapi?"

"Utakuwa mgeni wetu wa heshima."

"Mimi si mgeni. Nimepimwa uzito pamoja na hawa." Denge akafuta jasho. "Zamu yangu ikifika, niite."

Mutuma alimtazama Lotukoi, kana kwamba mzee yule angesaidia. Lotukoi alikuwa amepiga magoti, anasugua soli za viatu vya Denge kwa kitambaa kilicholowa ili zisiteleze tena.

Alipoitwa, ukumbi ulikuwa kimya, si kwa heshima bali kwa wasiwasi, jinsi watu wanavyonyamaza wakingoja kitu kivunjike. Denge aliutanguliza ule mguu, akaukanyagia hasa kwenye ubao. Akashuka polepole. Alipofika mahali ambapo mara ya pili alikuwa amegeuka, hakugeuka. Aliendelea kushuka mpaka akahisi hewa ya ule mkebe ambao haukuwepo. Kisha akasukuma. Kwa muda chuma hakikupanda wala kushuka. Paja la kulia lilivimba, mguu wa kushoto ukatetemeka kama waya kwenye upepo, na sauti ikamtoka ambayo Umulkheir hakuwahi kuisikia. Goti likanyooka. Akasimama, akakaa vile mpaka akaambiwa arudishe chuma.

Bendera nyeupe. Nyekundu. Nyeupe.

Mbili zilitosha. Hakushangilia. Alitazama tu upande ule kicheko kilikoanzia, akashuka jukwaani.

Kwenye benchi hakukuwa na maneno. Wenzake walipokuwa wamemaliza nafasi zao zote, yeye alikuwa bado hajaanza, maana chuma huongezwa uzito hatua kwa hatua, na yeye aliomba kuanzia juu yao wote. Aliposukuma kilo mia na ishirini, watu wa kundi la uzito wa juu walisogea karibu kutazama. Katika kutoa chuma sakafuni alikwaruza ngozi ya mguu mpaka ukatoka damu, na mara ya kwanza akaenda upande. Mara mbili zilizobaki alikitoa akanyooka.

Matokeo yaliposomwa jioni, Denge alikuwa wa tano kati ya saba. Hakupata kikombe wala medali, na hakuvitarajia. Kijana mmoja kati ya wale wawili waliokuwa chini yake alikuja kumpa mkono, mwingine akaondoka bila kuaga.

Walirudi kwa lori lile lile, sasa likiwa limebeba viazi. Liliposhuka kuelekea joto la Isiolo, Kanchoro akaweka fimbo chini.

"Sasa imekwisha hii?"

"Haijaisha," Denge akasema. "Wanne wako mbele yangu."

"Na kilo hamsini ni aibu," Lotukoi akaongeza kutoka juu ya magunia. "Kesho jioni tunaanza na sitini."

Lori likaruka kwenye shimo, Kanchoro akajishika kwenye gunia.

"Yule wa nne alikuwa yupi?"

"Yule wa kaptula ya kijani."

"Yule mwenye shingo fupi?"

"Huyo."

"Huyo alichoka mapema," Kanchoro akasema. "Mimi nilimwona. Huyo anashikika."