Mrija wa Mtoto wa Siku Tano

Hospitali nzima ilimwita Mzee Lala, naye jina hilo alilipenda kuliko cheo chake. Miaka thelathini alikuwa akiwalaza watu kwa ajili ya upasuaji na, kazi inayomtoa mtu jasho hasa, kuwaamsha. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Watoto wachanga aliwaweza yeye peke yake, na jambo hilo lililowahi kumfanya atembee kifua mbele sasa lilimkosesha raha. Akiondoka, nani atawalaza?

Asubuhi hiyo mezani palikuwa na kichanga wa kike wa siku tano. Fuvu lake halikuziba kisogoni, na hapo ulitokeza mfuko wa maji mkubwa kama chungwa, ngozi yake nyembamba ya kutisha. Mtoto wa namna hiyo kichwa chake hakilazwi mezani, mfuko usije ukabanwa na kupasuka. Mmoja hukishika kichwa hewani, nje ya ukingo wa meza, na mwingine humpitishia mrija wa pumzi kooni. Anayeshika hana ujanja tena. Akiachia mkono mmoja tu, ameharibu kila kitu.

Siku zote mrija ulikuwa wa mzee, na kichwa kilikuwa cha mwanafunzi wake, msichana mwembamba, mpole mpaka wauguzi wakamtania kwamba dawa ya usingizi anaivuta yeye. Leo Mzee Lala alivaa glavu, akazunguka meza, akakishika kichwa mwenyewe.

"Binti, simama pale kwangu."

Daktari mpasuaji alimtupia jicho. Mzee akajifanya hakuliona.

Dawa ikaingia, mtoto akalegea. Msichana akaingiza mrija, ukagoma. Akajaribu kuuelekeza upya. Mlio wa mashine ya kupima hewa mwilini ukaanza kushuka, maana hewa ilikuwa inampungukia mtoto. Mzee Lala aliliona kosa, ncha ilikuwa inaelekea njia ya chakula, na mikono ikamwasha. Wengi aliowafundisha walinaswa hapo hapo, wakashindana na koo la mtoto kwa kuona haya kuutoa mrija, mpaka akawasukuma kando. Leo hakuwa na mkono wa kumsukuma mtu.

Kabla hajafungua mdomo, msichana akautoa mrija.

"Nimekosea," alisema, sauti imetulia. "Apumue kwanza."

Akamfunika mtoto barakoa, akampa hewa kidogo kidogo bila papara, huku mpasuaji akiangalia saa na yeye hamjali hata chembe. Mlio ukapanda. Akaomba mrija mwembamba zaidi. Safari hii ukapita, na kifua kikainuka sawasawa pande zote mbili.

Mzee Lala alijiona bwege, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta. Hakulia kwa kuwa mrija umepita. Mrija hupita hata kwa bahati. Kilichomliza ni kule kuutoa kabla ya kuambiwa.

Mchana, upasuaji ulipokwisha, mtoto aliamka, akalia kwa hasira za kupendeza. Bibi yake, aliyeshinda mlangoni tangu asubuhi, akamkamata mzee mkono na kumshukuru kwa kumlaza mjukuu wake na kumrudisha.

Mzee akaonyesha kwa kidevu upande wa msichana. "Mshukuru yule, mama."

"Yule mdogo hivyo?" Bibi akamkagua mzee juu mpaka chini. "Na wewe, baba, ulikuwa unafanya nini humo ndani?"

"Mimi? Nilishika kichwa," akasema Mzee Lala, kwa maringo ambayo bibi hakuyaelewa.