Nusu ya Pili ya Mstari

Barua ya mama mdogo Estera ilikuwa fupi. Bibi yako hatoki kwenye chumba alichofia babu yako. Daktari anasema wiki moja zaidi katika baridi ile na mapafu yake hayatafaa kitu. Mimi hanisikilizi. Njoo wewe, maana jambo hili ulilianzisha wewe.

Nilishuka kwenye basi saa saba mchana, nikatembea kupanda kijijini kwetu huku theluji ikinifika magotini. Estera alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Umekonda, Darina," alisema bila kuinuka. "Huko chuoni Bratislava wanawalisha theolojia peke yake?"

"Bibi yuko wapi?"

"Unajua aliko. Kula kwanza. Huwezi kwenda kubishana na bibi yako una njaa."

Alinipakulia supu ya kabichi chachu, akanikatia na kipande cha jibini la kondoo. Nilikula nikitazama mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa umefungwa, na chini yake Estera alikuwa ameziba upenyo kwa koti kuukuu ili baridi isije jikoni.

"Unasikia nini humo?" nilimuuliza.

"Mimi sisikii kitu. Nina kazi." Akamenya viazi viwili vizima kabla ya kuongeza, "Huanza saa tisa."

Babu Samuel alifariki mwanzoni mwa Januari. Kwetu sisi Walutheri wa milimani, mtu anayekata roho husomewa Zaburi kwa namna yake. Msomaji husoma nusu ya mstari, na anayeondoka humalizia nusu ya pili. Sauti ikimwishia, midomo inatosha. Mstari wa mwisho humaliziwa na anayeondoka peke yake; wazee husema mwingine akiudaka, naye amejiandikisha safari. Na yote hayo husomwa katika Biblia ya zamani, iliyoandikwa kwa Kicheki cha miaka mia nne iliyopita, lugha ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kununulia chumvi wala kufukuzia kuku. Babu zetu waliishika kwa kuisikia tu, tangu wakiwa mapajani.

Mimi haikuniingia hivyo. Nilipokuwa mdogo niliyasikia maneno yale kanisani kama mvua juu ya bati, yanapendeza na hayakuloweshi. Halafu ikatoka tafsiri mpya, kwa Kislovakia chetu. Mchungaji alileta maboksi mawili. Nilianza kuisoma kwenye basi la shule, nikalia mpaka dereva akauliza nani kanipiga. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba ninaambiwa mimi.

Ndiyo maana siku ya babu nilichukua ile mpya. Nilitaka aelewe kabla hajaondoka, walau mara moja, kwa maneno aliyozungumza kila siku. Nilisoma nusu ya mstari wa kwanza wa Zaburi ya milima. Babu akavuta pumzi ajibu, akakwama. Alinitazama kama mtu aliyenyoosha mguu kutafuta ngazi akakuta haipo. Nikaendelea na mstari wa pili. Akavuta pumzi tena. Katika wa nne alivuta pumzi, na pumzi ile haikutoka.

Likaja suala la kidevu. Kwetu maiti huwekewa Biblia chini ya kidevu mpaka taya likaze. Estera alinipa ile ya zamani, kubwa kama tofali, yenye vishikizo vya shaba. Nilimwonea babu huruma. Shingo yake ilikuwa nyembamba mno. Nikaweka ile mpya, yenye jalada laini. Asubuhi tulikuta mdomo umebaki wazi, na tukamzika hivyo hivyo.

Saa tisa kasorobo nilisogeza koti, nikaingia.

Bibi Judita alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda kitupu, amejifunika mfarishi wa manyoya ya bata bukini mpaka mabegani. Jiko la chumba lilikuwa limejaa majivu baridi. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeganda barafu chote, isipokuwa sehemu moja upande wa kichwani mwa kitanda. Pale palikuwa na ukungu, kama wa mtu anayehemea karibu.

"Funga mlango," alisema. "Joto la Estera linaingia."

"Bibi, twende jikoni. Kidogo tu."

"Nimwache hapa peke yake? Ungekuwa wewe ungependa?" Akakohoa, kikohozi kirefu chenye maji ndani yake, kisha akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Kaa. Si muda mrefu."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, halafu nikaona haya, nikahamia kwenye kigoda.

Ilipofika saa tisa nilisikia. Mtu alivuta pumzi. Ilitoka pale penye mto, karibu na mkono wangu, pumzi ya kawaida kabisa ya mtu anayetaka kusema. Ikafika mwisho, ikakaa. Hakikufuata kitu. Nilihesabu mpaka thelathini, ndipo ikavutwa tena.

"Siku zote ni hivyo," bibi alisema, kama anayenieleza tabia ya ng'ombe. "Mpaka giza liingie. Anangoja apewe nusu yake."

Niliikalia mikono yangu. "Nilitaka aelewe, bibi."

"Aelewe nini?"

"Maneno. Yeye mwenyewe alikiri yapo mengi asiyoyajua maana. Na Mungu ni yule yule."

"Najua ni yule yule, sikuzaliwa jana. Mungu ana lugha zote. Samuel anayo moja." Alinyamaza pumzi ilipovutwa tena, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake aseme. Kisha akaendelea. "Kwa Kislovakia babu yako aliniita mbuzi mzee. Kwa Kislovakia alinidanganya habari za yule fahali, akaapa, akalewa, akamtukana kaka yangu kwenye harusi. Miaka hamsini na miwili. Akitaka kuniomba radhi hakuwa na maneno, maana yote alishayachafua. Basi anafungua kitabu kile, ananisomea nusu, mimi namjibu nusu. Katika maneno yale hakuniambia uongo hata siku moja. Ndiyo hayo aliyotaka kuondoka nayo. Wewe ukamletea ya zizini."

Chuoni tulifundishwa kupima tafsiri kwa maandishi ya kale, hiki kimekosewa, kile kimeboreshwa. Hakuna aliyetuambia pa kuweka jambo kama hili.

"Mbona hukuniita nisome upya?"

"Anayeanza hukumbushwa? Anayeanza humaliza." Akakohoa tena, na safari hii alishika ubavu. "Na kama hutaki, sawa. Mimi macho hayasomi, ila mstari wa mwisho naujua kwa moyo. Nitamsaidia nimfuate. Sioni vibaya."

Alisema kwa upole kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Biblia ya zamani ilikuwa juu ya kabati. Niliishusha, nikafungua vishikizo vilivyonikwaruza vidole kwa baridi. Nilisoma nusu ya mstari wa kwanza kwa lugha ile, vibaya. Nikanyamaza.

Pumzi ikavutwa. Ikafika mwisho. Halafu ikatoka na maneno.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyelala ameelekea ukutani. Bibi aliinamisha kichwa. Nilisoma wa pili, babu akajibu. Katika wa tatu nilikosea neno, na sauti haikujibu. Nilikumbuka nikiwa na miaka saba, mezani, babu akingoja hivyo hivyo kidole kikiwa juu ya ukurasa. Nililisoma tena sawasawa, akajibu. Tukaenda hivyo mpaka wa saba. Ule ukungu kwenye kioo ulikuwa unapungua kwa kila mstari, barafu ikiingia kutoka pembeni.

Mstari wa mwisho ni ule wa kutoka na kuingia. Nilisoma nusu yangu.

Hakukuwa na pumzi.

Nilingoja. Nje theluji iliporomoka kutoka kwenye paa, kisha kukawa kimya. Ukungu ulikuwa umebaki mdogo kama kitovu cha mtoto.

"Amechoka," bibi alinong'ona. Akavua mfarishi mabegani, akanyoosha mgongo, akafumbua midomo.

Nilikuwa sijawahi kumgusa mtu mzima bila kuruhusiwa. Mimi ni wa kusimama nyuma ya mlango hata nikialikwa. Lakini niliruka kutoka kwenye kigoda, nikamziba mdomo kwa kiganja. Alinikodolea macho. Chini ya mkono wangu nilihisi neno la kwanza limekwishaanza.

"Babu," nilisema. Nilisema kwa Kislovakia, maana kwa lugha ile nyingine sikujua kumwomba mtu kitu. "Hii ni yako. Usimwachie bibi. Tafadhali."

Ikavutwa pumzi moja, ndefu kuliko zote. Nusu ya pili ya mstari ikaja polepole, nzima, mpaka neno la mwisho. Na baada ya neno la mwisho nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia siku ile ya Januari, meno yakikutana, mdomo ukifungwa.

Kioo kikaganda chote.

Bibi aliuondoa mkono wangu usoni pake, kidole kimoja kimoja.

"Una nguvu," alisema. "Na mkono unanuka kabichi."

Akakaa kidogo akitazama mto. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika. Kisha akashika bega langu, akainuka, akaenda jikoni akiburuta mfarishi sakafuni. Nilimsikia Estera akisema, "Haya, Malkia ametoka," na bibi akimwambia apunguze maneno aongeze kuni.

Mimi nilibaki. Mfukoni mwa koti nilikuwa na ile mpya, ndogo, yenye jalada laini. Niliifungua kwenye Zaburi ile ile, nikasoma nusu ya mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, kisha nikangoja.

Hakuna aliyejibu. Kilikuwa chumba tu, chenye kitanda na jiko lililozimika. Nikamalizia mwenyewe nusu ya pili, nikapiga magoti, nikaanza kuzoa majivu.