Alama Tatu za Mkwe

Mimi sichezewi, na wa kwanza kulijua hilo alipaswa kuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye hata kazi hii nilimtafutia mimi.

Tunakaa chumba kimoja, madawati yanatazamana. Tunachunguza kibete kahawia, yaani kitu kilichotaka kuwa nyota kikashindwa, ila ni kizito mno kuitwa sayari. Kinaizunguka nyota yake kwa mbali, kwa adabu, hakisogei karibu, kwa hiyo tumekibatiza Mkwe. Shemeji anasoma angahewa yake: mawingu, joto, gesi zilizomo. Mimi napima njia yake. Kila darubini inapoleta picha, naweka alama moja kwenye mchoro, na kwa miaka tisa alama zangu zimejipanga vizuri. Kutokana na mpindo wa njia hiyo napata uzito.

Ugomvi ulianzia hapo. Hewa ya shemeji inasema Mkwe ana uzito wa sayari ya Mshtarii mara arobaini. Njia yangu inasema mara sabini. Mmoja wetu amekosea, na sikuwa na mpango wa kuwa mimi.

Basi Jumatatu moja nikaweka alama tatu mpya, za picha zilizopigwa tangu Februari. Ala! Zote tatu zimetoka nje ya mstari, upande uleule. Nikapiga hesabu upya, uzito ukaporomoka hadi arobaini na tatu. Arobaini na tatu! Kuna mtu angefurahi sana.

Nikaangalia kumbukumbu za mafaili. Picha zote tatu zilifunguliwa na kuhifadhiwa upya na shemeji, Alhamisi, saa tano asubuhi, siku niliyokwenda kung'oa jino. Mtu wa hewa anatafuta nini kwenye picha za njia? Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikumuuliza. Nilijifanya hamnazo, nikaanza kumchunguza. Simu ikiita, anatoka nayo nje. Nikiingia ghafla, anainua kichwa haraka. Jumatano akaniletea chai bila kuombwa, sukari kiasi changu hasa. Chai ya nini? Nikaiacha ikapoa mbele yake.

"Shemeji, uko sawa?" akauliza.

"Kwa nini nisiwe sawa?"

"Nauliza tu."

"Watu hawaulizi bure."

Jioni mdogo wangu akapiga simu. "Dada, mmegombana? Kila saa ananipigia kuniuliza amekukosea nini."

Nikamwambia nimechoka tu. Moyoni nikasema, mwenye hatia hatulii. Mkataba wa mumewe ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na yeye ana mimba ya miezi saba. Nilijua vizuri nilichoshika mkononi. Hata hivyo, nikamwandikia Mkuu wa idara kwamba picha zimechezewa, na aliyezichezea nikamtaja.

Ijumaa tukaitwa. Mkuu, mtu mpole anayefuta miwani kwa tai yake, akamgeukia shemeji.

"Uligusa hizi picha?"

"Niligusa." Hata hakubabaika. "Kamera ilishushwa Februari kusafishwa. Iliporudishwa ilikaa upande, karibu digrii moja. Nikazizungusha picha ili kaskazini ibaki kaskazini. Nimeandika kwenye daftari la kamera."

Moyo ukanipiga pa! Habari za digrii hiyo nilikuwa nazo. Fundi wa darubini alinidokezea, na siku hiyohiyo nikaiingiza kwenye programu yangu: kila picha ya baada ya Februari izungushwe. Yeye kazungusha, mimi nikazungusha tena juu yake. Mkwe wa watu hakuondoka mahali pake.

Mkuu akalifungua daftari. Kwetu, kila asubuhi ni lazima usome yaliyoandikwa humo, kisha utie sahihi kwamba umesoma. Maelezo ya shemeji yalikuwepo, mistari minne, mwandiko wa kusomeka hata na mtoto. Chini yake palikuwa na sahihi yangu. Niliitia kama ninavyoitia kila siku, nimesimama, mkoba begani, bila kusoma hata neno.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri niliwaza.

"Kosa ni langu," nikasema, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikawaeleza. Tukaondoa mzunguko wangu palepale, alama zikarudi kwenye mstari, uzito ukarudi sabini. Njia yangu ilikuwa sawa tangu mwanzo, na sikufurahi hata chembe.

"Naiondoa barua," nikamwambia Mkuu.

"Imeshapanda kwa kamati tangu jana. Ikishapanda, lazima uchunguzi ufanyike. Wiki kumi. Na anayechunguzwa hapewi mkataba mpya."

Shemeji akakusanya karatasi zake taratibu. "Ungeniuliza tu, shemeji," akasema. "Nakaa mita mbili kutoka kwako."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, na mfuko wa machungwa mkononi kama mgeni. Akafungua mlango, akasimama katikati yake, mkono juu ya tumbo.

"Ameshanipigia," akasema. "Amenieleza yote. Anasema ulikiri mwenyewe, hukulazimishwa. Anasema ukija nikukaribishe kama kawaida."

Nikapumua. "Mungu ambariki."

"Huyo ni yeye, dada. Mimi siwezi."

Akaufunga mlango polepole, bila kuubamiza, na nikasikia akigeuza ufunguo.