Kipimo cha Kiwiko

...tisini na moja, haiwezekani iwe tisini na moja, labda futi imejikunja, akapiga magoti vizuri, akaibana ncha yake sakafuni kwa kidole gumba, akaivuta tena hadi kwenye kiwiko cha mama mpiga pasi, ikawa tisini na moja ile ile, imemkodolea macho, na kwenye ripoti yake mwenyewe ya ergonomia, somo la kuifanya kazi iufuate mwili, ile yenye jalada la buluu, kiwiko hiki hiki kimeandikwa tisini na tisa, na mtu mzima si sweta, hafuliwi akapungua sentimita nane... nyuma yake mhadhiri anawaambia wanafunzi wengine, "Mwenzenu ndiye aliyetoa kipimo cha meza hizi, tazameni, kazi imeufuata mwili," nao wanaandika, jamani, wanaandika, na yeye anatazama kitu ambacho angekitazama mwanzoni kabisa kama angekuwa na akili kidogo tu, miguu, miguu mitupu ya mama huyu, na ya jirani yake, na ya yule wa dirishani, yote mitupu kwa sababu sakafu ya dobi haikauki na ndala huteleza, na hapo siku ile ya vipimo ikamrudia nzima nzima, wanawake sita walioambiwa mgeni wa chuo anakuja kuwapima, wamesuka, wamejipaka mafuta, wamevaa viatu vya mchuchumio, naye, mpumbavu mwenye kalamu sikioni, akasema, "Jamani, mmependeza!" akawapima hivyo hivyo, juu ya visigino, mmoja baada ya mwingine, akashukuru, akaenda zake... shangazi humtania, eti wenzio wanasomea kutibu watu, wewe umekwenda kusomea kukaa kitini, na alipopata alama ya juu kuliko wote shangazi huyo huyo alimpigia simu akalia kwa furaha nusu saa nzima, kumbe alama yenyewe ilikuwa ya viatu... "Miguu ya meza tumeichomelea vyuma," hiyo ni sauti ya mwenye dobi, "hazishuki tena hizi, na kule tawi la pili fundi anaanza kesho, meza ishirini, kipimo hiki hiki," ishirini, Mungu wangu, meza ya pasi hupimwa kwa kiwiko, ikizidi hapo, bega ndilo linalolipa, na sasa anaona yote, bega la mama huyu lilivyopanda karibu na sikio, plasta ya dawa ya kuchua inavyochungulia kwenye ukosi, na harufu yake, ambayo tangu aingie alidhani ni sabuni... "Bega vipi, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini, na mama naye kwa chini, "La uzee, mwanangu," uzee gani wa miezi mitatu, uzee ulioanza siku meza zilipopanda, mbona hawakusema, lakini wangemwambia nani, msomi keshapima, nani abishane na futi?

"Ngapi?" mhadhiri anauliza. "Tusomee, wenzako waandike."

Anaweza kusema tisini na tisa, futi haionwi na mtu ila yeye, aseme tu, halafu amfuate mhadhiri pembeni, kesho, hapana, kesho fundi anaanza, basi aandike barua, asingizie sakafu, asingizie futi, uso unamwaka, anatamani ardhi ipasuke immeze yeye na ripoti yake... na ndipo kiwiko kikaanza kupanda mkononi mwake, tisini na tatu, tisini na sita, akatazama juu asielewe, akatazama chini akaelewa, mama amechuchumia, visigino vimeiacha sakafu, vidole vinatetemeka kwa uzito, macho ameyapeleka dirishani kama mtu asiyejua lolote, bega linamuuma na bado anampandia mtoto wa watu hadi kwenye namba yake, asiaibike mbele ya wenzake, na aibu yote aliyokuwa nayo tangu apige magoti, akaona sasa, ilikuwa ni kujihurumia tu, aibu yenyewe ndiyo hii.

"Ngapi, binti?"

Akaweka kiganja juu ya mguu wa mama, mguu wenye maji, wa baridi, akaukandamiza chini taratibu.

"Shuka, mama," akasema, na safari hii aliitoa sauti ili chumba kizima kisikie.