Ng'ombe wa Kwenye Homuweki

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mtu akimwita mtoto wangu mzito, hasira zinapanda kabla hajafunga mdomo. Ijumaa ile mwalimu Fondo aliniita shuleni, hapa Garsen, akaniambia Nasteha wa gredi ya tatu arudishwe ya kwanza, hesabu zimemshinda. Nilimkazia macho mpaka akaanza kupangapanga chaki mezani.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu mtoto ananipangia mahamri ya kuuza kila asubuhi na hajakosea hata siku moja. Zimemshindaje?"

"Bi Mbeyu, mimi naangalia karatasi. Homuweki analeta nusu tupu. Jumatatu akileta imejaa, abaki. Asipoleta, ashuke."

Kushuka ningevumilia. Tatizo lilikuwa baba yake. Mume wangu, Abduba, ni Muorma, dereva wa lori la mifugo. Nasteha ni binti wa mke wake wa kwanza, Mungu amrehemu, na alilelewa na nyanya yake huko Bangale, katikati ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyeng'ang'ana aje Garsen asome. Abduba alikubali shingo upande, akasema akishindwa na shule atarudi kwa nyanya. Sasa aliposikia habari za mwalimu alinijibu kwa upole kabisa: Jumatatu nina safari ya Bangale, mtoto atapanda lori.

Najua mtaa ungesema nini. Mama wa kambo kamfukuza, si ndivyo wanavyosema siku zote? Waseme wakichoka watalala. Mimi nampenda yule mtoto, na sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya karatasi.

Jumamosi nilipomaliza kuuza mahamri nilimketisha mkekani. Swali la kwanza, Kabibi ana maembe ishirini na tatu, ameuza tisa. Alinijibu kabla sijamaliza kusoma. La pili, viti vya kanisa, akajibu. La tatu likasema: Baba ana ng'ombe arubaini. Ng'ombe kumi na wanane wamekufa. Wamebaki wangapi?

Akaweka penseli chini.

"Nasteha, arubaini toa kumi na nane."

"Ishirini na mbili."

"Haya, andika."

"Siandiki, mama mdogo."

Nilisikia maneno mabaya yakinipanda kooni. Nikainuka, nikaenda nje, nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Nilipotulia nikarudi, nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia haya, Baba ana maembe arubaini, kumi na manane yameoza. Akajibu. Nikasema mbuzi, akanyamaza. Nikasema watoto darasani, akanyamaza tena. Hapo nikajua huyu hajashindwa na kitu, anakataa.

"Niambie kwa nini. Sikupigi, sikugombezi."

Alichezea pindo la dera lake kwanza. "Ng'ombe hawahesabiwi. Wala mbuzi, wala watu. Nyanya alisema ukiwahesabu unawatia jicho."

Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema. Sisi tunahesabu mikungu ya ndizi na magunia ya mpunga, na tukipata jirani wa kusikiliza tunaongeza mawili matatu. Mwaka wa tatu huu wa ndoa, kila nikimwuliza Abduba kwa mama yake kuna ng'ombe wangapi, ananijibu, "Wapo." Kumbe mimi muda wote nilidhani ananificha mali!

Abduba alikuwa mlangoni anavua viatu. "Ni kweli," akasema. "Kwetu hawahesabiwi."

"Na ulijua hivyo ukakaa kimya?"

"Nitajuaje mwalimu anauliza ng'ombe?"

Nikamrudia mtoto. Nikamwambia hawa ni wa karatasi, hawana pembe wala mwenyewe, hawawezi kufa zaidi ya walivyokwisha kufa. Akatikisa kichwa.

"Hata wale niliwahesabu kwa mchezo tu," akasema.

"Wale wapi?"

Basi yakatoka. Jioni moja huko Bangale, kabla hajaja kwangu, alikuwa ndiyo kwanza ameweza kuhesabu. Ng'ombe wa nyanya wakawa wanaingia zizini, naye akawahesabu mmoja mmoja kwa kidole mpaka wa mwisho, amefurahi. Halafu mvua haikunyesha. Wakaanza kuanguka.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyewaua."

Moyo uliniuma, siwezi kusema uongo. Mtoto mdogo vile, amebeba kitu kama hicho na kukipeleka shule kila siku. Abduba aliketi sakafuni na kiatu kimoja mguuni. Nilimwambia Nasteha ukame ule ulimaliza mifugo ya kila mtu, ya jirani nani aliihesabu? Hakuniamini. Mimi Mpokomo, najua nini habari za ng'ombe?

"Tumpigie nyanya," nikasema.

"Acha," Abduba akasema. "Mama hapendi mambo hayo yatajwe."

"Asipopenda anitukane mimi."

Nikapiga. Mtandao wa Bangale unakuja unapotaka. Nilipiga mpaka simu ikapata moto mkononi, Abduba akaniambia nitaiharibu, nikaendelea kupiga. Ilipopokelewa nikaweka spika. Kiswahili cha mama mkwe ni cha sokoni na Kiorma changu ni cha kuombea maji, lakini nilimweleza yote, hata lile neno la mwisho la mtoto.

"Nasteha iko hapo?"

"Niko, nyanya."

"Mimi nahesabu kila jioni. Ndani ya roho. Kama hapana hesabu, mimi najua namna gani moja imepotea?"

Nasteha alikodoa macho.

"Jua ndiyo iliua ng'ombe. Wewe hapana. Sasa sikiliza."

Akavuta pumzi, akatamka kitu kwa Kiorma, polepole. Abduba alijiziba mdomo kwa mkono. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia mama yake akitaja hesabu ya ng'ombe wake.

"Kumi na mmoja," akanitafsiria kwa sauti ndogo. "Waliobaki ni kumi na mmoja."

"Wewe ilihesabu ngapi ile siku?" nyanya akauliza.

"Thelathini na wanne."

"Toa."

Midomo ya mtoto ikacheza. "Wamekufa ishirini na watatu, nyanya."

"Ndiyo," sauti ikasema. "Ishirini na tatu. Hata mimi hapana sema hiyo kwa mdomo mpaka leo."

Nasteha akalia. Tangu aje kwangu sikuwahi kumwona akilia, hata alipochomwa na mafuta ya mahamri. Alilia mapajani mwangu kwa sauti, na kule Bangale yule bibi hakukata simu, tulimsikia anapumua. Sikumnyamazisha.

Alipomaliza alijifuta uso kwa dera, akavuta karatasi, akaandika 22. Akaikazia penseli mpaka ikatoboa.

Abduba akavua kile kiatu cha pili. "Jumatatu nitaondoka peke yangu," akasema.

Nasteha hakumsikia. Alikuwa ameshaingia swali la mbuzi.